Kioo Kipya na Miwani ya Zamani

Anayenunua kompyuta mpakato yenye kioo kikali kuliko vyote dukani hulipia uwezo wa kuona vizuri zaidi, na mara nyingi hujikuta siku hiyohiyo ameinama mbele yake, pua ikikaribia kugusa kioo, akitafuta mahali pa kubonyeza. Kioo hicho huundwa kwa pikseli, yaani vidoa vya mwanga ambavyo kwa pamoja hufanya picha. Kile cha 4K kina pikseli 3840 kwa upana na 2160 kwa kimo, na zikibanwa zote katika inchi 15.6 za mshazari, kila inchi hubeba takriban pikseli 282. Programu nyingi za zamani za Windows, hata hivyo, ziliandikwa kwa imani kwamba inchi ina pikseli 96 na itabaki hivyo daima, kwa hiyo kitufe kilichokusudiwa kuwa na upana wa inchi moja husinyaa hadi thuluthi yake, na mhasibu aliyekusudia kuhifadhi hesabu za mwezi huzifuta.

Dawa iliyopo ni ukuzaji, yaani mfumo endeshi kuchora kila kitu kwa asilimia iliyochaguliwa. Programu isiyojua habari hizi hudanganywa kwa upole: huambiwa kwamba ingali katika pikseli 96, huachwa ichore ilivyozoea, kisha picha yake hunyooshwa, herufi zikafifia, na mwenye kompyuta akaenda kupimwa macho yasiyo na kosa. Asilimia 200 ina nafuu, kwani pikseli moja hugeuka nne kamili, na ndivyo Apple ilivyofanya katika MacBook Pro ya Retina mwaka 2012. Lakini asilimia 125 hudai mstari wa pikseli moja uwe na pikseli moja na robo, na robo ya pikseli haiwashiki.

Vituko hasa huanza projekta ya ukumbini inapounganishwa. Tangu Windows 8.1 ya mwaka 2013 kila kioo chaweza kuwa na asilimia yake, ila programu kaidi hazikuafiki, hivyo dirisha linalovutwa kwenda ukutani hutuna njiani, na kisanduku cha ujumbe hufunguka kikubwa mno hata kitufe cha “Sawa” kikabaki chini ya ukingo, ambapo wazoefu hubonyeza Enter bila kukiona na wengine huinama kuchungulia chini ya meza. Mwenyekiti, ambaye hakuna aliyemweleza habari za pikseli, huagiza taa zizimwe.