Heko kwa Hesabu Iliyofurika

Ndani ya kerneli ya Linux hakuna mnyenyekevu kama hesabu ya ukubwa wa kumbukumbu iliyofurika, na ni aibu kwamba hadi leo imekosa wa kuisifu. Itazameni ikiwa kazini. Panatakiwa nafasi ya vitu 1,073,741,825, kila kimoja baiti 4. Jumla ni baiti 4,294,967,300, lakini namba ya biti 32 ukomo wake ni 4,294,967,295. Ikipita hapo huanza tena sifuri. Basi hesabu yetu, bila kunung'unika, inaomba baiti 4. Nne tu! Nani mwingine, katika zama hizi za programu zinazokula kumbukumbu kama mali ya mirathi, angetosheka na hizo? Kerneli inazitoa papo hapo, maana ombi dogo halina wa kulitilia shaka. Kitu cha kwanza kinaenea vizuri. Vinavyofuata vinaishia kuandikwa juu ya data za wengine.

Watasema inafungulia wadukuzi mlango. Kweli, mtumiaji asiye na ruhusa yoyote akiweza kuichagua idadi ile, huenda akatoka hapo akiwa mkuu wa mfumo mzima. Lakini ni ofisi gani nyingine inayompandisha mtu cheo bila bahasha wala mjomba? Watasema kompyuta za biti 64 zimeimaliza. Hawaijui. Katika lugha ya C, namba mbili za biti 32 zikizidishwa, jibu hupatikana kwa biti 32 kwanza. Kulihamishia baadaye kwenye biti 64 ni kupeleka dawa matangani. Na yule anayedai fundi makini angekagua mwenyewe, aulizwe anakagua lini. Wengi huzidisha kwanza, ndipo wakauliza kama jibu limezidi kiasi. Jibu ni 4. Pita, ndugu.

Tiba yenyewe ni ndogo hadi inachekesha. Badala ya kuipa kmalloc, mgawaji wa kumbukumbu ndani ya kerneli, jibu lililokwisha kuzidishwa, unaipa kmalloc_array namba zote mbili, izizidishe yenyewe na kukataa zikifurika: kinyota cha kuzidisha kinatoka, mkato unaingia. Mwaka 2018 Kees Cook, mhandisi wa usalama wa kerneli, alieneza badiliko hilo sehemu nyingi za kerneli, pamoja na vikokotozi kama struct_size. Hivi, hesabu ikifurika, hurudisha namba kubwa kuliko zote ili ombi likataliwe. Yaani mnyenyekevu analazimishwa kujikweza ndipo afukuzwe! Watengenezaji wa mfumo endeshi wa OpenBSD nao walikuwa wameshaleta reallocarray, mgawaji wa aina hiyohiyo, mwaka 2014, kwa hofu ileile. Hata hivyo hesabu yetu haijakosa marafiki. Kila anayeandika kiendeshi kipya kwa haraka, akiwa na hakika kwamba idadi ile haiwezi kufika huko, anaialika tena, nayo haina maringo ya kukataa mwaliko.