Majibu kwa Wenye Dhiki za Nyumbani

*Mheshimiwa Mshauri, mume wangu akirudi kazini huziacha soksi zake chini ya kitanda. Juzi nilimkuta juu ya soksi hizo buibui mdogo mwenye uso mwekundu, amekaa kama aliyealikwa. Niue au nichome? — Mke Mwenye Dhiki, Mbita.*

Ama baada ya salamu, Bibi, uweke chini kwanza huo ufagio, kwa kuwa huyo uliyemkuta, ambaye wataalamu humwita Evarcha culicivora, na ambaye kwao ni kandokando ya Ziwa Viktoria, Kenya na Uganda, si adui yako bali ni hasimu wa mbu yule yule akuleteaye malaria. Hafumi utando wa kunasia. Huwinda kwa macho, na macho anayo manane. Kaa kitako umtazame: amwonapo mbu jike wa anofelesi aliyekwisha kushiba damu, ametua ukutani na tumbo kaliinua juu kama ilivyo ada ya jamaa zake, humwendea kwa hadhari, hatua na kituo, hatua na kituo, hata amkaribie, ndipo amrukie, naye buibui mchanga, ambaye huyo mbu amemzidi kimo, huzunguka nyuma, akajipenyeza chini ya lile tumbo lililoinuliwa, akamshambulia kutoka huko.

Damu anaitamani, lakini sindano ya kukutoboa hana, basi humwacha mbu aifyonze, kisha humnyang'anya pamoja na roho yake. Tena ilidhihirika katika utafiti wa mwaka 2009 ya kuwa buibui aliyekula damu hunukia vizuri zaidi kwa mwenziwe, kana kwamba amejifukiza udi.

Ama hizo soksi, mwaka 2011 wataalamu waliwapelekea buibui hawa harufu ya soksi zilizovaliwa na zisizovaliwa, nao wakazielekea zilizovaliwa. Habari hii usimfikishie mume wako, maana ataifanya hoja. Zifue.

*Bwana Mshauri, nilimwona buibui mkubwa kama kiganja chumbani, nikamwambia mke wangu kwa ukali, «Ondoa buibui ukutani!» Akaliondoa lake msumarini, akalivaa, akaenda kwao. Leo siku ya tatu. — Mpweke, Mji wa Kale, Mombasa.*

Ndugu yangu, dhiki yako ni ya sarufi. Mwenye miguu minane ni kiumbe hai na ana haki yake katika lugha. Lau ungalisema «Mwondoe», Bibi angalifahamu asemwaye ni nani. Na hata hivyo, kwa nini aondolewe? Huyo, kama ni yule mwenye mstari mweupe usoni mfano wa masharubu, ambaye mtaalamu Linnaeus alikwisha kumwandika tangu mwaka 1767, usiku huwinda mende wa jikoni kwako bila ujira, na asiyemshika hamdhuru.

Nenda ukweni leo kabla ya magharibi, wala usiende mikono mitupu. Na ukiliona buibui limetundikwa nyuma ya mlango, usilitaje.