Muziki Wetu, Toka Mgongoni mwa Mama Hadi Matangani

Desemba 2021, UNESCO iliitambua rumba ya Kongo kuwa urithi wa utamaduni wa binadamu. Asante sana, ila sisi wa Kasongo na Kabambare, huku Maniema, hatukungoja cheti. Tuhesabu hatua za maisha tunazopita na muziki huu, kutoka tano kushuka.

5. Mgongoni. Mama anatwanga sombe, mtoto kafungwa kitenge, redio iko dirishani na betri zake zimetoka kuanikwa juani. Sebene, kile kipande cha magitaa cha kuchezea, ikiingia, mchi hubadili mwendo na mtoto hutikisika nao. Jino hajaota, kucheza anajua!

4. Ujana. Mwalimu hapa ni mwimbaji Papa Wemba, aliyezaliwa mwaka 1949 huko Lubefu, Sankuru, kwa jirani zetu wa magharibi. Alitufundisha mapenzi na kunyoosha suruali. Kijana akiazima viatu vya kaka yake Jumapili, usimuulize anawahi misa ipi.

3. Harusi. "Mario", wimbo wa mwanamuziki Franco, wa mwaka 1985, unamsema kijana anayelelewa na mwanamke tajiri aliyemzidi umri. Ukipigwa, shangazi za bibi harusi humkagua bwana harusi toka utosini hadi unyayoni. Mahari kalipa, mtihani bado!

2. Ugenini. Bendi ya Super Mazembe walihama Zaire wakaenda Nairobi, na mwaka 1977 wakatoa "Kasongo": mke anamlilia mumewe arudi nyumbani. Kasongo huyo ni mtu, lakini mwana wa mji wa Kasongo aliye mbali akiusikia wimbo huo hujiona ndiye anayeitwa. Mji haujahama, ndugu. Aliyeondoka ni wewe. Ukipata nauli, njoo.

1. Matanga. Namba moja ni Remmy Ongala, hakuna ubishi. Alizaliwa Kindu, Maniema hii hii, mwaka 1947; mwaka 1978 akaenda Dar es Salaam kupiga na Orchestra Makassy, kisha akaongoza Super Matimila. Aliimba Kiswahili, lugha tunayosalimiana nayo sokoni, akausema umaskini na kifo bila kuzunguka mbuyu. Alifariki Desemba 2010, na Dar hadi leo kuna kituo cha daladala kiitwacho Sinza kwa Remmy. Usiku wa matanga, maneno ya kuwapa pole wafiwa yakituishia, wimbo wake "Kifo" huyasema yaliyobaki.

Wazazi wa Maniema, wapigieni watoto wenu nyimbo za Remmy, na muwaambie kwamba ni wa kwetu.