Prosesa Iliyong'oka na Feni

"Mama Idrisa, hiyo blenda haizimwi?" mama mkwe aliuliza kutoka barazani.

Haikuwa blenda. Ilikuwa kompyuta ninayohariria video za harusi, feni ikilia tangu adhuhuri, na programu ya kupima joto ikionyesha nyuzi 90. Prosesa yangu, Ryzen 7 5800X, ikifika hapo hujipunguzia kasi yenyewe isije ikaungua. Kazi niliyotarajia imalizike jioni ilikuwa ikinikesheza hadi alfajiri, na bibi harusi alishapiga simu mara tatu.

Shida ilianzia siku kompyuta ilipounganishwa. 5800X huuzwa bila feni, na fundi aliifungia Wraith Stealth, kifeni kifupi kinachokuja na prosesa za wati 65. Yangu ni ya wati 105. Halafu hapa ni Tanga, mwezi wa pili. Feni ya hewa haiwezi kuishusha prosesa chini ya joto la chumba, na chumba chetu saa nane mchana unakijua mwenyewe.

Baba Idrisa alitaka tununue kubwa kuliko zote, Noctua NH-D15. Nikachukua futi ya cherehani, nikapima kutoka usawa wa prosesa hadi mlango wa kasha: milimita 160. Ile ina urefu wa milimita 165. Basi tukaagiza DeepCool AK400 kutoka Dar, ya milimita 155, ikaja na basi la usiku. Ina mirija minne ya shaba, na ndani ya kila mrija mna kimiminika kidogo: kikiguswa na joto la prosesa hugeuka mvuke, huukimbilia upande wa mabati membamba ya alumini yanayopepewa na feni, hupoa, kisha hurudi chini kuchukua joto jingine. Nilipenda sana kulijua hilo.

Ijumaa baada ya isha tukaanza kazi. Baba Idrisa akalegeza skrubu nne za feni ya zamani, akashika kwa mikono miwili, akavuta. Kwaa!

"Baba," Idrisa akasema taratibu, "mbona imetoka na miguu?"

Prosesa ilikuwa imenata chini ya feni, imeng'oka kwenye soketi na wenzo wake ukiwa bado umefungwa. Soketi ya AM4 huibana miguu tu. Juu ya prosesa hakuna kifuniko cha kuizuia, na pesti ya kupitisha joto kati ya prosesa na feni, ikikauka miaka mitatu, hushika kama gundi. Miguu yake ni 1331, myembamba kama sindano za nywele. Pembeni minne ilikuwa imelala.

Hakuna aliyesema neno. Mama mkwe ndiye aliyeingia na lenzi anayosomea msahafu, akaishika juu ya meza bila kutikisika, mwanamke wa miaka sabini na minne. Idrisa akamulika kwa simu. Baba Idrisa akapitisha ncha ya wembe kati ya safu, akauinua kila mguu kidogo, akaacha, akauinua tena. "Usiulazimishe, mwanangu," mama yake alimwambia. Ilichukua saa nzima. Prosesa ilipoanguka yenyewe ndani ya soketi bila kusukumwa, nilikaa chini.

Yaliyobaki yalikwenda vizuri. Bamba la nyuma ya ubao lilikuwa limeachia skrubu zilipotoka, Idrisa akalishikilia kwa vidole vyake vidogo. Tukafuta pesti ya zamani kwa spiriti, tukaweka mpya kiasi cha punje ya mbaazi, tukabandua nailoni chini ya feni mpya, tukakaza skrubu kwa zamu, huku kidogo na huku kidogo.

Kompyuta iliwaka. Nikairudishia harusi ileile: nyuzi 76, na feni husikii mpaka usogeze sikio. Bibi harusi alichukua video yake Jumatano.

Wewe unayetaka kubadilisha feni wiki hii, nakuomba: ifanyishe kompyuta kazi nzito dakika kumi ili pesti ilainike, izime, chomoa waya wa umeme, legeza skrubu, kisha izungushe feni kushoto na kulia mpaka uisikie imeachia. Ndipo uinyanyue.