Muheza Kila Mtu Bwana Shamba

Panda mchungwa uani Muheza, halafu kaa barazani usubiri. Maji ya kumwagilia hayajakauka, atasimama mpita njia wa kwanza, ashike kiuno, aseme, "Hapo umeufukia mno." Atakayemfuata atasema umeuacha juu mno. Hii ni wilaya ya machungwa; hata muuza vocha ana msimamo wake kuhusu mizizi.

Miche yangu ni Valencia iliyobebeshwa juu ya mlimao. Kwa asiyejua, fundi huotesha mlimao kwanza, mti usiodeka. Kisha huchana gamba la shina kwa kisu kikali, akapachika jicho la mchungwa, akafunga kwa nailoni. Tangu hapo, roho ya mti mzima iko kwenye kile kidonda. Ukikifukia udongo, kinaoza. Ukikitikisa kabla hakijashika, kinabanduka. Na nailoni ikisahaulika, shina linanenepa huku linajinyonga lenyewe.

Adui wa kwanza alikuwa mbuzi wa jirani. Uani kwetu kuna majani ya kila aina, kuna maganda ya ndizi, kuna hata mkeka uliochakaa. Vyote hivyo mbuzi yule anavipita bila kugeuza shingo, anakwenda moja kwa moja kwenye chipukizi lenye majani mawili. Nilipokwenda kulalamika, mwenye mbuzi alinisikiliza kwa adabu zote, akanikaribisha kahawa, kisha akasema, "Jirani, yule mnyama hana akili." Mnyama anayeujua mche wa kubebesha kwenye msitu wa magugu, hana akili!

Shangazi yangu, aliyekuja kwa harusi akakaa mpaka mvua, alinionea huruma. Alikata gunia vipande, akayafunga mashina yote kwa kamba ya katani, Kitanga hasa. Mbuzi alikuja, akanusa, akaondoka ameudhika. Mtaa mzima ukampongeza shangazi.

Tatizo lilikuja nilipofunua gunia nitazame kidonda. Ndani kulikuwa na giza, ubaridi, na ukoo mzima wa sisimizi na mayai yao, wamehamia rasmi. Nikafuata msururu wao hadi juu. Chini ya majani machanga walijaa vidukari, wadogo, weusi, midomo imezama kwenye jani wakifyonza utomvu. Sisimizi alikuwa anampapasa kidukari mgongoni kwa vipapasio mpaka kitone cha maji matamu kinatoka nyuma, naye anakilamba. Kwa malipo hayo humlinda, na mdudu yeyote anayekuja kula vidukari anatimuliwa. Majani yanajikunja, na utamu unaodondoka unaota ukungu mweusi kama masizi. Kwa hiyo nilikuwa nimemfukuza mbuzi mmoja, nikawapa nyumba wafugaji waliokuja na mifugo yao.

Ushauri ukamiminika. Mmoja alitaka nimwagie mafuta ya taa, ambayo yangeunguza gamba kabla ya kumsumbua sisimizi. Mwingine alileta majivu. Mvua ya jioni ikayachukua. Kijana wa bodaboda alikuja na kopo la grisi, tayari kupaka shina zima kama anahudumia pikipiki. Huyo tulimwahi. Shina likavishwa kwanza ukanda wa nailoni juu ya kidonda, grisi ikapakwa juu ya ukanda, si kwenye gamba. Sisimizi walifika pale, wakasimama, wakajadiliana. Kesho yake walikuwa juu kama kawaida. Walikuwa wamepanda kijiti nilichouegemezea mche.

Kijiti nacho kikapakwa grisi. Gunia likaondolewa, uzio wa miba ukasogezwa mbali na shina ili mbuzi asifikishe shingo. Hapo ndipo mzee mmoja alipotushangaa sote: kwa nini tusilete maji moto, wale chungu wakali wa mitini, wawale vidukari? Mzee hakubahatisha. Kusini mwa China, andiko linalohesabiwa kuwa la mwaka 304 linaeleza jinsi viota vya ndugu wa hawa maji moto wetu vilivyouzwa sokoni ili vilinde michungwa. Ila maji moto hushona viota kwa majani, na mche wangu haukuwa na majani ya kuwatosha hata mlango. Mzee akasema basi atawaweka kwenye mwembe. Alikuja na kiota ndani ya kiroba, na kiroba kilikuwa na tundu. Sijawahi kumwona mtu wa umri ule akivua kanzu kwa kasi ile.

Katika purukushani hizo hakuna aliyetazama mche ulio karibu na choo, isipokuwa mjomba. Siku moja aliniita kwa furaha. "Mjomba, huu umeshika! Tazama ulivyostawi!" Kweli ulistawi, lakini chipukizi lilikuwa limetoka chini ya kidonda, kwenye shina la mlimao. La mchungwa juu lilikuwa limekauka zamani. Nikashika kisu, akanishika mkono. "Unakataje kitu kilichokubali?" Nami mjomba simvunjii heshima mbele ya watu.

Basi wapendwa majirani, mlimao wetu hauna sisimizi, hauna ukungu, na mbuzi anauogopa kwa miba yake. Ukizaa, njooni mchume wa kutosha. Machungwa, kwa sasa, nunueni sokoni.