Wiki ya Sikio Moja

Jumatatu

Amplifaya imewashwa leo asubuhi kwa mara ya kwanza, ikaimba upande wa kulia tu. Ni amplifaya ndogo ya hedifoni, ya valvu mbili. Ilikuja ikiwa vipuri ndani ya vifuko: transfoma, soketi, rezista, kapasita, bati la juu na kitabu cha maelekezo. Kila kiungo kimelehemiwa hapa Moshono, Arusha, kwenye meza ya chakula. Sikio la kulia lilipata gitaa la Mbaraka Mwinshehe lote, na mvumo mzito chini yake. Sikio la kushoto lilipata mvumo peke yake.

"Si ungenunua iliyokwisha tengenezwa, baba?" mke wangu ameuliza. Ningeweza. Lakini ya dukani haiji na ramani, na hii nimeijua waya kwa waya. Kitu unachokijua hivyo hukiachi kimeharibika. Chai ilikuwa imepoa tulipomaliza mazungumzo.

Valvu ndogo ni 12AU7, ambayo Ulaya huiita ECC82. Ndani ya kioo kimoja kuna valvu mbili, moja kwa kila sikio. Kubwa ni 6080, nayo ni pacha; iliundwa kwa ajili ya kutuliza volti kwenye mitambo, wapenda muziki wakaichukua baadaye kwa sababu inaweza kusukuma hedifoni bila transfoma ya kutolea sauti. Kazi yao haijabadilika tangu John Ambrose Fleming alipotengeneza valvu ya kwanza Uingereza mwaka 1904, na Lee de Forest wa Marekani akaongeza wavu wa katikati miaka michache baadaye. Chuma, yaani kathodi, kinapashwa moto, elektroni zinatoka, bamba lenye volti nyingi linazivuta, wavu unaamua zipite ngapi. Upande wa kushoto hazikuwa zinapita.

Jumanne

Mita imekataa kusema kweli. Ilionyesha alama ya betri, kisha tarakimu zinazocheza. Betri yake ni ile ya mraba ya volti 9, na duka la hapa jirani lina betri za aina zote isipokuwa hiyo.

Nikapanda kifodi kwenda mjini. Konda alisema tunaondoka. Tulikaa mpaka mama mmoja akaja na ndizi zake, zikapangwa, zikapangwa upya, ndipo tukaondoka. Kijenge tukasimama tena kumsubiri abiria aliyekuwa anaonekana kwa mbali. Hakuwa anakuja kwetu.

Duka la kwanza lilikuwa na foleni. Aliyekuwa mbele yangu alirudisha chaja, na kila chaja aliyopewa mbadala ilijaribiwa kwenye kila simu iliyokuwapo. Zamu yangu ilipofika, dada wa kaunta akaniletea betri za tochi. "Ya mraba, dada." "Hizo mpaka Ijumaa, kaka." Nilizipata kwa muuza maiki. Maiki nyingi za kanisani zisizo na waya hula betri hizo hizo, kwa hiyo kwenye makanisa mengi hivi hazikosekani. Ni jambo la kukumbuka.

Jumatano

Siku ya vipimo. Kwanza nimepima umeme wa ukutani, kwa sababu kila tarakimu ya kitabu inategemea huo. Unatakiwa kuwa volti 230. Saa moja jioni, mtaa mzima ukiwa unapika, ulikuwa 196. Hapo kila kitu ndani ya boksi kinashuka kwa uwiano ule ule. Njia kuu ambayo kitabu kinasema iwe na volti 170 isitarajiwe kuzidi 145 hivi. Mtu asiyelijua hili atatafuta ugonjwa usiokuwapo usiku kucha.

Volti hizo ni za moja kwa moja na zinaua. Kapasita huzihifadhi hata baada ya plagi kuchomolewa. Kwa hiyo ncha nyeusi ya mita imebanwa kwa klipu kwenye ardhi ya amplifaya, ncha nyekundu mkono wa kulia, mkono wa kushoto mfukoni, ili umeme usipate njia ya kukatiza kifuani. Watoto wametolewa sebuleni. Wametoka polepole.

Amplifaya ililala tumbo juu kati ya matofali mawili, valvu zikining'inia chini. Tumboni, kwenye soketi ya valvu ndogo, kuna vitaa viwili vyekundu, kila kimoja kidogo kuliko punje ya mchele. Kila kimoja kimeshika kathodi ya upande wake na kuishikilia kwenye volti moja na nusu hivi, na huwaka kwa mkondo ule ule unaopita ndani ya valvu. Cha kulia kilikuwa kinawaka. Cha kushoto kilikuwa cheusi.

Bamba la kulia lilisoma kama volti 70, kathodi yake moja na nusu. Ndivyo inavyotakiwa. Bamba la kushoto lilikuwa limepanda karibu na volti zote za njia kuu, kathodi yake sifuri. Maana yake ni moja: hakuna mkondo. Mkondo ungepita, rezista ya bambani ingekula sehemu ya volti. Na kwa kuwa bamba hilo limeunganishwa moja kwa moja na wavu wa valvu kubwa, upande wa kushoto wa 6080 ulikuwa umefunguka mno, na rezista yake kubwa ilitoa joto lililofika usoni kabla sijainama. Mwenzake wa kulia alikuwa na joto la kawaida.

Nilikuwa nakaribia kupima rezista za kushoto, umeme ukakatika. Tumekula makande gizani.

Alhamisi

Nimekwenda kwa mzee mmoja fundi redio mjini. Ujana wake aliunganisha redio kwenye kiwanda cha Philips, kile kilichoacha jina lake kwenye kituo cha daladala hapa Arusha. Vijana wengi wanaoshuka Philips hawajui kwamba hapo palitengenezwa redio. Naliona ni jambo la kusikitisha.

Kulikuwa na foleni. Mbele yangu sabufa, televisheni bapa, sabufa nyingine. Baraza la waliokuwa wakisubiri likatoa maoni bila kuombwa. Mmoja alisema ninunue valvu mpya. Mwingine alisema valvu zote mbili. Kijana mwenye sabufa alisema nitumie bluutuu. Nikawashukuru wote.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umepima nini?"

Ni swali ambalo hakuna mwingine aliyeuliza. Nikampa karatasi. Aliisoma kwa kidole, akasimama kwenye ile sifuri, akafungua bati la biskuti na kunitolea ECC82 iliyotoka kwenye amplifaya ya zamani ya kanisa. "Jaribu na hii kwanza. Kitaa kikibaki cheusi, valvu yako haina kosa. Usiuziwe." Akakataa malipo. Sabufa iliyofuata ikapandishwa mezani.

Ijumaa

Kimebaki cheusi.

Basi valvu imeachiliwa huru. Nikachukua kijiti kikavu cha mti na kuisukuma pembeni taratibu, mashine ikiwa imewashwa. Kitaa cha kushoto kikawaka, kikazima. Nikasukuma tena upande ule ule, kikawaka. Valvu za aina hii huwa na pini 9, na kathodi hizo mbili ziko kwenye pini ya 3 na ya 8. Kibanio kimoja ndani ya soketi kilikuwa kimetanuka tangu kilipotoka kiwandani, na pini iliingia bila kuguswa.

Plagi ikachomolewa. Nikasubiri kapasita zimwage chaji, nikapima kuhakikisha, kisha kwa sindano ya kushonea nikakisogeza kibanio kirudi katikati. Kimekubali. Vitaa vyote viwili vinawaka sawa, bamba zote mbili zinakaribiana, rezista zote mbili zina joto moja. Sindano imehitajika kwa sare ya shule na imerudishwa.

Sauti imefika kushoto. Ngoma upande mmoja, gitaa la pili upande wa pili, mwimbaji katikati kabisa. Nimesimama na hedifoni kichwani wakati mtu anagonga geti. Aligonga kwa muda mrefu.

Jumamosi

Mvumo. Nikiweka mkono juu ya bati unapungua, nikiutoa unarudi. Hiyo ni dalili ya kukosa ethi. Nimepima soketi ya ukutani: tundu la tatu lipo, nyuma yake hakuna waya. Nyumba nyingi ziko hivyo, na ni hatari hata kwa pasi ya nguo.

Fundi umeme alisema saa tatu yuko njiani. Saa sita alikuwa bado njiani. Alifika saa nane na fimbo ya ethi yenye ngozi ya shaba, tukaanza kuigongelea kwenye moramu. Moramu kavu haipitishi umeme vizuri, kwa hiyo imemwagiwa ndoo kadhaa za maji. Jirani ameuliza tunapanda nini.

Waya umeunganishwa mpaka kwenye tundu la tatu. Mvumo mzito umekwisha.

Jumapili

Kwa mzee kumefungwa, ECC82 yake itasubiri. Umebaki mvumo mwembamba, unaosikika kabla wimbo haujaanza. Uko juu kuliko ule wa jana. Umeme wetu ni wa mizunguko 50 kwa sekunde, na ukishageuzwa kuwa wa moja kwa moja masalia yake huwa ya 100. Kwa hiyo kesho nitaanza na kapasita za njia kuu, saa nne asubuhi, kabla mtaa haujaanza kupika.