Bibi Koki na Mabomba ya Lushoto

Ukioa kwenye familia yenye nyumba ya zamani milimani, umeoa na mabomba yake. Mshenga hakuligusia hilo, na siku ya mahari wazee walizungumzia mbuzi na mablanketi tu. Mwenzangu mwenye ukweni wa namna hii, najua umeshaanza kutikisa kichwa. Kaa hapa karibu.

Ukweni kwangu ni Lushoto. Kutoka Mombo unapanda kona kwa kona kilomita zipatazo 33, watoto wa nyuma wanalalamika kichefuchefu, na ukifika juu ukungu umeshashuka hadi kwenye migomba. Nyumba ilijengwa enzi za Mwingereza: kuta za mawe, dari la mbao, sehemu ya kuotea moto sebuleni. Baba mkwe, Mungu amrehemu, aliinunua akiwa mwalimu, akanunua pamoja nayo kila kilichozikwa ukutani. Na kilichozikwa ukutani ni chuma. Hakukuwa na bomba la plastiki hata moja, kuanzia kwenye koki ya jikoni hadi kwenye tanki la choo, lile la chuma lililopachikwa juu karibu na dari, ambalo ukilivuta linamwaga lita 9 kwa kishindo cha kuamsha kuku. Mnyororo wake ulikatika zamani. Mama mkwe akaufungia kipande cha kanga, na kanga ikichakaa anafunga nyingine. Sasa hivi ni ya kijani yenye korosho.

Mama mkwe wajukuu wanamwita Bibi Koki. Kila usiku, watu wakishalala, anachukua tochi na kuzunguka nyumba nzima akikaza koki moja baada ya nyingine. Anakaza kwa mikono miwili, hadi ule mpira mdogo wa ndani unakatika, na kesho yake koki inadondosha, na kwa kuwa inadondosha anaikaza zaidi. Hakuna mtu wa kumwambia mama kitu kama hicho. Mke wangu, Mama Zawadi, ameirithi tabia hiyo mzima mzima, na kwetu Dar es Salaam watoto hawawezi kufungua maji ya kunawa bila kumwita mtu mzima.

Julai hii tulipofika, maji ya jikoni yalikuwa mekundu asubuhi, yakawa membamba mchana, na jioni ukuta wa stoo ukaanza kutoa jasho. Shemeji yangu akajitokeza haraka. Huyu tunamwita Injinia; amesomea uhasibu, lakini katika familia hii hakuna mashine inayovunjika bila yeye kupiga magoti mbele yake. Akakata utepe wa mpira wa tyubu ya baiskeli, akauzungusha kwenye bomba kwa ustadi kabisa, akafunga kwa waya. Pakakauka. Usiku huohuo maji yakatokea kwenye kona ya pili, nyuma ya kabati la vyombo, na Shangazi Redio, ambaye habari haimpiti, akautangazia mtaa mzima kabla ya chai.

Hapo ndipo alipoitwa fundi. Ni mzee wa kule kule, anayeyajua mabomba ya nyumba zile kuliko wenye nyumba. Akauliza swali moja: linavuja zaidi saa ngapi? Usiku, tukamjibu. Akacheka, akaangalia mlimani. Maji yale yanatoka kwenye tangi la chemchemi huko juu, yanateremka yenyewe bila pampu, na kila mita 10 za mteremko zinaongeza presha ya karibu baa 1. Mchana mtu anaosha vyombo, mwingine anafua, maji yanatembea na presha inapungua njiani. Usiku koki zote zikishakazwa, maji yanasimama, na mzigo wote wa mlima unalalia bomba bovu. Mama mkwe alikuwa anasikiliza mlangoni na tochi yake. Hakusema neno. Sisi wengine tuliangalia viatu vyetu.

Fundi akafungua unioni ya stoo, akatoa kipande cha nusu inchi na kunipa mkononi. Kwa nje kilikuwa kizima, rangi ya kijivu bado ipo. Ndani kutu ilikuwa imevimba pande zote, ngumu na yenye vinundu, ikabakiza tundu ambalo penseli isingepita. Zinki iliyokuwa inalinda chuma ilishaliwa miaka mingi, kisha chuma chenyewe kikaanza kujijaza kwa ndani. Nilikikwangua kwa kucha, ukatoka unga mwekundu, ule ule uliokuwa unatulia chini ya kikombe cha mama kila asubuhi.

Alipokuwa anafunga kiungo cha muda ili tupate maji ya kupikia, hakutumia ile tepu nyeupe ya dukani. Alitoa mfukoni kishungi cha katani. Akakichambua uzi kwa uzi kwa kucha zake, akazipaka rangi ya mafuta, akazizungusha kwenye meno ya bomba kufuata upande wa kukazia, polepole, asiache jino tupu. Nilisimama pale nikasahau baridi. Mkonge unaotoa katani uliletwa pande hizi za Tanga na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893. Kati ya miche 1,000 iliyotumwa kutoka Florida, 62 tu ndiyo iliyofika hai. Na leo nyuzi zake zimeshika maji kwenye stoo ya mama mkwe.

“Mkwe,” fundi akaniambia huku akifuta mikono, “hapa ukibana hapa, kule kutalia. Ng’oa chote.”

Naamini alisema kweli, na jioni nililisema hilo mbele ya wote, mezani. Chuma cha umri ule hakitibiki kwa viraka. Kila kiraka kinaipa presha kazi kwenye kiungo kinachofuata. Kikao cha familia kikakubali kwa haraka iliyonitia wasiwasi. Kisha mama akauliza bomba jipya litapita wapi. Fundi akaonyesha: palepale pa zamani, kutoka getini moja kwa moja hadi jikoni. Chini ya mti wa peasi.

Mti ule aliupanda baba mkwe mwenyewe. Mama Zawadi alianza kulia hata kabla mama yake hajatamka kitu. Injinia akasema mizizi itakatwa kidogo tu, akatazamwa, akanyamaza. Nani angenyanyua jembe pale? Hata mimi nisingeweza. Baba mkwe ndiye aliyenifundisha kula peasi kwa chumvi, siku ya kwanza nilipokwenda kujitambulisha, nikitetemeka kwa baridi na woga.

Basi mtaro ukazunguka, ukapita nyuma ya banda la kuku, mara mbili ya urefu na mara mbili ya gharama. Tulitumia mabomba ya PPR, yale yanayounganishwa kwa kuyeyushwa na kimashine chenye joto la nyuzi 260. Umeme ukakatika kiungo kikiwa nusu, fundi akakata kipande kile akatupa, tukakaa kwenye ngazi kuusubiri, na mama akaleta chai ya mchaichai na mihogo.

Sasa maji ya jikoni ni meupe na yana nguvu. Choo bado, kitangoja Desemba, na mama ameshasema tanki la juu halitolewi, litaungwa tu kwenye bomba jipya. Vyuma vya zamani mnunuzi wa vyuma chakavu alivifuata na mizani yake, akarudi mikono mitupu: Bibi Koki anataka visimamishwe kando ya ukuta vipandishe mapasheni. Mashimo nimeshachimba, na amenionyesha kwa tochi mahali ambapo mawili hayako sawa.